Nyota Pacha Kumi na Moja

"Ziko mbili," alisema fundi saa. "Tazama vizuri, au toka kwenye darubini yangu."

Mpwa wake hakutoka. Alizidi kuinama, jicho kwenye lenzi, huku baridi ya usiku ikimpanda miguuni. Katikati ya duara jeusi aliona nyota moja tu, nyeupe, imetulia.

"Naona moja, mjomba."

"Basi huna macho."

Fundi huyo ndiye aliyemfundisha binti kushika darubini, kwenye ua huuhuu wa nyuma, kati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo. Sasa binti alikuwa katibu wa chama cha watazamaji nyota, na chama kilikuwa kimemtuma kuja kumkagua mjomba wake kama anavyokaguliwa mwizi. Fundi hakumpa hata kiti.

Shida ilikuwa daftari. Katika mwaka mmoja fundi alikuwa ameorodhesha nyota pacha mpya kumi na moja, yaani nyota ambazo watu wote huziona moja, lakini kwenye darubini yake zilijigawa mbili. Mtu akipata pacha mpya mmoja maisha yake yote hushukuru. Mwenyekiti wa chama alizitafuta zote, hakuona hata pacha mmoja, akasimama mbele ya wanachama akasema fundi anazipika. Kama katibu naye angerudi mikono mitupu leo, jina la fundi lingefutwa kwenye chama alichokianzisha mwenyewe, na kwa umri wake hakuwa na kingine cha kujivunia.

Fundi hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwa miaka arobaini alitengeneza saa kwa jicho la kulia peke yake, akifungua skrubu ambazo wengine hawazioni hata wakionyeshwa. Hata sasa alikuwa amelifunga jicho la kushoto kwa kitambaa cheusi, kama ilivyokuwa desturi yake. Duka alilifunga mwaka huu. Wateja wamekuwa wajeuri, alisema, wanarudisha saa kila wiki na malalamiko ya kipumbavu.

"Nimeshazikagua nne, zote naona moja moja," alisema katibu. "Hebu tuone ile tunayoijua sote."

Aligeuza darubini kuelekea pacha wa zamani, yule anayeanza naye kila mwanafunzi. Akazungusha polepole pete ya lenzi, ile inayovuta vitu karibu bila kubadilisha kioo. Nyota ikarefuka, ikabanwa kiunoni, ikaachana: moja ya njano, moja ya buluu, na uwazi mwembamba katikati.

"Hawa nawaona wawili. Safi kabisa."

"Aha! Kumbe macho unayo. Ulichokosa ni roho."

Katibu akairudisha darubini kwenye nyota ya fundi. Akavuta mpaka pete ikagota. Ilibaki moja.

"Usivute hivyo! Rudisha nyuma. Hizi zangu huonekana vizuri usipovuta sana."

Binti aliinua kichwa. "Mjomba, nyota pacha ukizivuta huachana. Wewe ndiye uliyenifundisha. Zako ukizivuta zinaungana?"

"Ndivyo zilivyo."

"Na mbona kwenye daftari, zote kumi na moja, ile ndogo iko kulia, juu kidogo? Hata moja haikupotea njia ikaenda kushoto?"

"Umetumwa unitukane."

"Nimetumwa nitazame. Mama alinisihi nisije, alijua utanifukuza."

"Dada yangu ananifahamu."

Fundi alimsukuma kando kwa bega akainama mwenyewe. Zilikuwa pale, mbili, kama juzi na kama mwezi uliopita, kubwa na mdogo wake begani. Moyo ulimuuma. Mwaka huu anga lilikuwa limemfungukia. Kila alipoelekeza darubini alikuta kitu ambacho hakuwahi kukiona ujanani. Sasa mwenyekiti mwenye wivu na mtoto aliyemlea mwenyewe walikuwa wamekula njama wamnyang'anye. Alipogeuka, katibu alikuwa anaandika kwenye mwanga hafifu wa taa nyekundu.

"Soma ulichoandika."

"Mjomba..."

"Soma!"

"'Nyota nne nilizokagua zote ni moja moja. Daftari hili ni la kutunga. Nashauri jina lake liondolewe.'" Aliinua uso, kwa hasira zaidi kuliko kwa huruma. "Ungesema tu umechoka, tungekuheshimu. Kwa nini ulidanganya?"

Hakuna aliyewahi kumwita fundi mwongo ndani ya ua wake.

"Toka," alisema. "Na usiniite mjomba tena."

"Sawa, fundi."

Binti alifunga begi, akalitupia mgongoni, akaikunja karatasi mkononi. Alikuwa na aibu na ghadhabu kwa pamoja, akataka kufika getini upesi kabla hajalia. Bila kufikiri akawasha tochi, mwanga mweupe unaoharibu macho yaliyozoea giza, kosa ambalo hata mgeni wa siku moja halifanyi karibu na darubini, kisha akageuka kumwangalia mzee kwa mara ya mwisho.

"Zima!" alifoka fundi, mkono ukikinga uso. "Unanikomoa, siyo? Tochi moja haikukutosha, mpaka unimulike kwa mbili?"

Katibu alifungua kinywa amjibu, halafu akaitazama mikono yake. Wa kushoto ulikuwa na karatasi. Wa kulia ulikuwa na tochi moja.