Ulimi wa Maabara

Kila mwanafunzi aliyekwenda mafunzo ya kazi katika kampuni ya dawa aliazimwa ulimi wa maabara, wa kuvaliwa kinywani, kwa mwaka mzima. Bahiya alipopewa wake, aliuzoea upesi. Dawa yoyote akiionja, aliitaja bila kukosea. Kesho angeurudisha, kwa hiyo mama yake alimpikia pilau, akafinyanga tonge.

“Haya, bingwa, fungua kinywa. Au na chumvi siku hizi ina jina la Kizungu?”

Bahiya alicheka, akalishwa. Aliipata iliki, kisha mdalasini. Halafu, kutoka vidoleni mwa mama, ikaja dawa ya saratani aliyoipima mwaka mzima.

“Vipi, tonge limekushinda?”

“Tamu, mama,” alisema, akiomba kwa mara ya kwanza awe amekosea. “Nipe jingine.”