Maji Saa Ngapi

Tausi alipamba sebule yake kwa maputo tangu alfajiri, maana hiyo ndiyo ilikuwa sherehe ya kwanza ya kuzaliwa kwa mtoto katika biashara yake mpya ya kuandaa sherehe. Mama Lulu alikuwa ametoa sharti moja tu: "Dada Tausi, mwanangu asimwagiwe maji. Gauni lile ni la kuazima."

Keki ikakatwa, Lulu akawalisha wenzake, kisha watoto wakakaa kimya kama wanaosubiri sindano. Tausi akamkumbuka marehemu mama yake. Hakuwa na keki wala puto, lakini kila mwanawe alipotimiza mwaka, alijibanza nyuma ya mlango na kopo la maji ya kummwagia, lile lile la bati ambalo bado lilikuwa juu ya pipa uani.

Lulu akamvuta kanga. "Anti, maji saa ngapi?"

Tausi alifungua sanduku, akatoa gauni la utotoni la binti yake aliyeolewa mbali, akamvalisha Lulu. Kisha akaenda uani.

Juu ya pipa hapakuwa na kopo.

Mama Lulu alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, peku, kidole mdomoni, na kopo mkononi limejaa pomoni.