Njiwa Aliyechelewa Jumapili

"Hasi nne!" Gaston Verhelst alitupa penseli juu ya pipa la mahindi.

Alikuwa kwenye banda la njiwa nyuma ya nyumba, daftari magotini. Kwa misimu mitatu Kaizari, dume lake la mashindano ya njiwa wanaoachiwa mbali warudi nyumbani, alikuwa akiwatangulia wenzake wa banda kufika kwa wastani wa dakika nne, na mkengeuko sanifu wa dakika tatu. Leo alikuwa amefika dakika nane nyuma yao. Toa wastani, gawa kwa tatu, alama z ni hasi nne. Gaston alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha biskuti kwa miaka thelathini, na jedwali la mgawanyo wa kawaida alilijua kama sala. Jambo la namna hii hutokea lenyewe mara tatu katika siku laki moja.

Na hii ilikuwa Jumapili ya tano mfululizo.

"Labda anazeeka," alisema mkewe, Godelieve, aliyemlea Kaizari tangu kinda kwa kumlisha mkononi.

"Azeeke Jumapili tu? Jumamosi anakuja kama risasi. Kuna mtu anamshusha njiani, na namjua. Odiel."

"Odiel gani?"

"Yupo mwingine? Wilfried wa baa kamwona njiwa wangu dirishani kwa Odiel."

Godelieve aliiokota penseli pipani. "Msimamizi wa harusi yetu? We mzee, hesabu zimekupanda kichwani."

"Jumamosi yuko sokoni na jibini zake, Jumapili yuko nyumbani. Hesabu yenyewe hiyo. Tangu auze njiwa wake, roho inamuuma nikishinda."

"Haya, kamuulize basi. Lakini kistaarabu, siku ya kazi."

Gaston hakuwa na ustaarabu uliobaki. Miaka arobaini ya urafiki! Alikwisha andika barua ya kutaka Odiel afukuzwe kwenye chama cha wafuga njiwa, ilibaki kuweka sahihi. Kabla ya kumwaibisha mtu mbele ya kijiji kizima, hata hivyo, alitaka kuona kwa macho yake.

Shida ilikuwa moja. Siku ya mashindano mfugaji wa njiwa wa Flandria, huko Ubelgiji, habanduki kwenye kiti chake bustanini. Hukodolea mbingu macho mpaka ndege wa mwisho atue, hata nyumba ikiwaka moto. Kila mtu anajua hivyo.

Jumapili iliyofuata Godelieve alimbusu kwenye kipara, akapanda baiskeli kwenda kwaya. Saa nne na nusu Gaston alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: akaliacha banda, akaendesha baiskeli kilomita nne, akajibanza nyuma ya ua wa miti wa Odiel. Alikuwa na hasira, na alikuwa na huzuni pia. Kwa siri aliomba hesabu zake ziwe na kosa.

Kaizari alitokea kusini, peke yake, akashuka moja kwa moja hadi dirisha la chumba cha juu.

"Mwizi wewe!" Gaston alinong'ona, akisukuma lango.

Dirisha likafunguliwa. Godelieve, akiwa na shati la Odiel tu mwilini, alinyoosha kiganja chenye nafaka.

"Kula upesi, mwanangu, uende," alimwambia njiwa. "Mzee anakuhesabia dakika."