Alama za Wino

Katika chuo kikuu kile, wajumbe wa usaili waliandika alama kwa penseli. Usaili ukiisha, mwenyekiti, Dokta Shemweta, alipita na kifutio chake cheupe "kusawazisha".

Siku Tunu alipoketi mezani kama mjumbe kwa mara ya kwanza, penseli yake ilivunjika ncha. Bila kufikiri akachomoa kalamu ya wino mkobani. Nafasi ilikuwa moja, ya mhasibu wa miradi. Mama mmoja aliyejibu kila swali, Tunu alimpa tisini na mbili. Mpwa wa Dokta, aliyebabaika hata alipoulizwa bajeti ni nini, akampa kumi na tisa.

Alishtukia alichofanya pale Dokta alipoinuka na kifutio.

"Lete fomu yako, binti yangu."

"Samahani, Dokta. Nimetumia wino."

Wajumbe wengine wakainamia karatasi zao. Dokta akaanza kufuta, taratibu, macho yake yakimtazama Tunu wala si fomu. Kumi na tisa ikagoma. Akakandamiza.

"Kipindi chako cha majaribio kazini kinaisha lini?"

"Ijumaa, Dokta."

"Ijumaa hii?"

"Ndiyo."

Karatasi ikatoboka. Dokta akapuliza vumbi la kifutio, akamsogezea fomu mpya na penseli iliyochongwa vizuri.

Tunu akaivuta fomu. Penseli ikabaki pale pale mezani. Kalamu bado ilikuwa mkononi mwake, ncha juu ya mstari wa kwanza.