Kuomba Ruhusa

Siku hizi ukishapewa paswedi ya waifai ya nyumba, unahesabiwa mtu wa nyumbani, na mlango haukufungukii kutoka mpaka mwenye nyumba aridhie. Mwanaidi alikuja kumjulia hali shangazi yake mjane, Bi Siti, akapewa paswedi alipofika tu.

"Shangazi, naomba ruhusa niondoke," alisema tena.

"Mbona mapema, mwanangu? Chai ndiyo kwanza iko jikoni."

Jibu lilikuwa hilohilo tangu Ijumaa iliyopita.

Kengele ikalia. Nje ya dirisha alisimama binti wa Mwanaidi, Raya, aliyekuja kumtafuta mama yake. Mwanaidi alimpungia aende zake. Raya akacheka, naye akapunga. Simu ya Mwanaidi ikatetemeka: *Raya anaomba paswedi. Umpe?*

"Mpe," Bi Siti alisema kwa upole, akipanga kikombe cha tatu. "Utamwachaje mtoto juani?"