Njugu za Bakuli

Asubuhi ile daktari alimwambia Kazija kwamba sumu ya ukungu wa njugu haifi kwa moto. Huziua chembe hai za ini polepole, miaka na miaka, mpaka mtu anageuka manjano kama mumewe.

Sasa kakaa barazani, hoi, ungo mapajani. Mikono ilichambua yenyewe kama ilivyozoea. Njugu nono ziliwekwa upande, za kashata anazouza Malindi. Zilizosinyaa, zenye vumbi la kijani, zilitiwa bakulini.

Kashata zake zina jina. Hajapata mteja kutema njugu mbovu. Na za bakuli hakuwa akizitupa, maana kutupa chakula ni dhambi. Miaka yote alikuwa akizitwanga, akimuungia mumewe kisamvu.

Mikono ikasita.

Aliinuka kwa uzito, akaenda kumwaga bakuli zima jaani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akachota njugu za wateja, akatwanga, akapika.

Mumewe alimeza tonge moja, akamtazama kwa macho yake ya manjano.

"Kazija, leo umenipikia nini? Mbona kisamvu hakina ule uchungu wake ninaoupenda?"