Henga Isiyo na Nguo

Katika kibanda cha fundi Mwanamvua, kila nguo iliyotundikwa kwenye henga ilikuwa na kikaratasi chenye jina la mwenyewe na siku ya kuichukua. Hidaya, aliyekuwa amefuata gauni lake kwa mara ya nne, akaona henga moja tupu yenye kikaratasi: Mwanamvua, Alhamisi, saa kumi.

"Fundi, hii nayo ni nguo gani?"

"Si nguo. Nesi aliniona nimenyong'onyea, akanishauri kila wiki nijipangie kitu ninachokipenda. Mimi napenda kuogelea mtoni."

"Na unaenda?"

Mwanamvua hakuinua macho kutoka kwenye gauni alilokuwa akishona. "Kazi zinaingia. Kila Alhamisi najiambia kesho."

Hidaya alicheka mpaka akakaa. "Kumbe hata wewe mwenyewe unajizungusha kama unavyotuzungusha sisi."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na saa ya ukutani ilikuwa imefika kumi. Hidaya akalichomoa gauni lake kwenye cherehani, mkono mmoja bado haujashonwa, akalitundika kwenye ile henga. Kile kikaratasi akakibana kwa pini begani mwa fundi.

Mwanamvua akashika njia ya mtoni, kikaratasi kikipepea. Hidaya alibaki kwenye kiti cha fundi, na mteja wa kwanza alipochungulia mlangoni, akamwambia, "Njoo kesho."